Mawe Matatu

Mwinjilisti Zefania Tweve hakupenda karatasi.
Mahubiri yake yalikaa mfukoni,
katika koti la mtumba lenye kifungo kimoja cha shaba:
leo kiazi kilichoota macho,
kesho msumari wa reli alioutoa Chimala
enzi alipopasua mwamba na Wachina kwa ujira wa siku.
Akaunyanyua juu ya mimbari:
"Huu uliishika reli isilikimbie taruma.
Wewe, mzee wa kanisa, umeshika nini?"
Sisi watoto tuliusubiri mfuko ule
kuliko tulivyoisubiri Amina.

Vita vya maji alivisimulia kama vya juzi:
babu yake akivuka kwenda Ubena na kibuyu kiunoni,
babu yake akirudi na mkono mmoja.
"Mkono uliobaki," alisema, kisha akanyamaza
mpaka ukungu ukaingia mlangoni,
"ndio uliobeba mawe ya msingi mnaoukanyaga."
Hakueleza zaidi. Bibi Tulalumba alilia.
Wengine tulikohoa.

Ikaja Jumapili ya mavuno, pale Matamba.
"Kuna mama mmoja," alianza, "jina naliacha.
Aliweka mawe matatu chini ya gunia la viazi,
kila jiwe kichwa cha mtoto,
akamuuzia tajiri wa Uyole."
Hakuna aliyegeuza shingo.
Kwetu watu hugeuka kwa kunyamaza.
Mama yangu, Eda, alikuwa benchi la tatu,
mdogo wangu mgongoni, kifua kikimkoroma.
Alitoa sadaka, shilingi mia mbili,
akaisukuma hadi chini kabisa ya kikapu,
akaondoka kabla ya baraka.

Nani aliuliza gunia lile lilishonwaje?
Tajiri alilivisha kilemba, lumbesa juu ya lumbesa,
kamba ikafumwa juu ya viazi kama paa la msonge,
kisha akalipa gunia moja.
Kilichozidi kilikuwa dawa ya kifua.
Simtetei mama. Mawe ni mawe.
(Namtetea.)

Majuma manne hakukanyaga kanisani.
La tano, Jumamosi, jalidi imeunguza majani ya viazi,
Tweve alikuja na jembe, bila Biblia.
Akainua matuta mawili, ya tatu akaishia katikati,
mgongo umemkatalia.
Mama alimtazama kutoka jikoni.
Hata maji hakumpa.

Kesho yake alisimama, akaugeuza mfuko nje
tuuone: mtupu, umetoboka pembeni.
"Kuna mwanamume mmoja. Jina silifichi. Ni mimi.
Tajiri wa Uyole alipoleta mabati thelathini
nilimwita nguzo ya nyumba hii.
Nilijua yametoka wapi.
Yametoka kwenye vilemba vya magunia yenu.
Mvua ikigonga hapo juu,
mnachosikia ni viazi vyenu vikidondoka.
Nami nikaona mawe matatu,
nisione mabati thelathini."

Mvua haikunyesha siku ile.
Ingekuwa hadithi nzuri zaidi.
Kulikuwa na jua kavu la Juni,
na bati likijinyoosha kwa joto,
ta, kisha kimya, kisha ta.
Mzee wa kanisa alikuwa akizitazama kucha zake.

Mawe yenyewe tajiri alikuwa ameyatupa kwa hasira
kwenye ngazi za kanisa, na yalikaa pale
watu wakiyaruka kama mbwa aliyelala.
Jioni ile mama aliyafuata,
moja moja, amelifunga kwa kitenge,
safari tatu, mchana kweupe, kupitia njia ya sokoni.
Akayapanga jikoni. Ndiyo mafiga yetu hadi leo.

Chungu cha kwanza kilikuwa viazi na njegere,
na mgeni wa kwanza alikuwa Tweve.
Aliyatazama mafiga, akatazama moto,
nikauona mkono wake ukitafuta mfuko,
mdomo ukijipanga kuanza: "Kuna..."

Mama akamsogezea sahani.
"Kula kwanza," akasema.